Nyumba ya Mizani: Dole la Shangazi

Mkono wa Digna bado uko kwenye kitasa cha mlango wa mtendaji wa kata. Wiki nzima uko hapo, nanyi mmeukodolea macho mkisema sukuma, mama, sukuma. Haya, sasa anasukuma.

Ndani sauti ya kiume ilikuwa inarudia maneno yaleyale yaliyomgandisha:

"Ukoo mzima umekubali, mheshimiwa. Jumatatu asubuhi tunaivunja."

Mlango ukapiga ukuta.

"Ukoo upi?" Digna akauliza.

Mle ndani mlikuwa na wanaume wawili. Nyuma ya meza alikaa Lukelo, mtendaji mwenyewe, kijana wa Iringa mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi. Mbele ya meza alikaa Clinton, mtoto wa baba mdogo wa Digna, kafika juzi kutoka Dar es Salaam na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Ifakara, mwezi wa tano! Tope lilikuwa limeshamwandikia salamu mpaka kwenye kamba.

"Dada Digna!" Clinton akachangamka. "Karibu, karibu kiti. Tulikuwa tunakutaja."

"Nimesikia mnavyonitaja. Mnavunja nini Jumatatu?"

"Kile kijumba cha akina mama. Tulia basi, dada. Pale panapanda lodge ya vyumba ishirini. Na jina la babu tutaliandika ukutani, kubwa, na taa: Mizani Lodge. Urithi wa mzee utaonekana mpaka stesheni."

"Mzee Mizani hakujenga lodge."

"Kwa sababu wakati wake zilikuwa hazijaja!"

Akacheka peke yake. Mtendaji alitazama kalamu yake.

Wewe uliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikudokeze upesi kabla hawajashikana mashati. Zamani hizo, Malkia Viktoria wa Waingereza akiwa bado kitini na Mjerumani hajajenga boma Mahenge, aliingia bonde hili mfanyabiashara mmoja kijana na mzigo wa ajabu. Mizani ya chuma. Kabla yake mpunga ulipimwa kwa kikapu, na kikapu cha mwenye nguvu kilikuwa kikubwa kila siku. Yeye akatundika mizani hadharani, akawaambia watu waangalie wenyewe. Jina alilopewa na mama yake likasahaulika. Akawa Mizani.

Akapata mitumbwi, akapata maghala, akajulikana mpaka Mlimba. Kisha mkewe akashikwa na uchungu ng'ambo ya mto, mwezi wa maji mengi. Mtumbwi ulipofika upande huu ulileta maiti mbili, mama na mtoto ambaye alikuwa hajapewa jina. Mzee Mizani hakulia mbele za watu. Alitoa mpunga wote kwenye ghala lake jipya la matofali, akafagia mwenyewe, akatandika mikeka sita. Akatangaza kuwa mwanamke yeyote mwenye mimba pevu avuke mapema, alale pale, asubiri siku yake upande wenye msaada.

Mwanawe Alfonsi akaongeza jiko na kisima. Mjukuu wake Wilhelmina akaondoa mikeka, akaleta vitanda. Leo funguo anazo kitukuu wake, Digna. Na leo hii, hivi tunavyozungumza, ndani ya nyumba hiyo mna wanawake saba wanaosubiri.

Sasa turudi ofisini, maana Digna keshapiga meza.

"Wanawake saba, Clinton! Niwapeleke wapi?"

"Dada, siku hizi kuna daraja. Daraja kubwa, la kisasa. Mtu akishikwa na uchungu anapanda gari, dakika kumi yuko hospitali. Nani anakaa kusubiri mwezi mzima kama yuko jeshini Chita?"

"Daraja liko mtoni. Mashambani kuna nini? Mwanamke yuko katikati ya mpunga, maji kiunoni, gari lako litamfikia na mabawa?"

Clinton akageukia meza. "Mheshimiwa, mwonyeshe karatasi. Mimi na dada tusije tukakosana bure."

Lukelo akakohoa. Lazima niseme ukweli, alikuwa kijana mwenye adabu. Mara nne Digna alikuja ofisi ile kufuatilia hati ya nyumba, na mara nne alirudishwa kwa adabu. Ya kwanza, mwenye faili alikuwa semina. Ya pili, leta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ya tatu barua iko, lakini muhuri haukukolea. Ya nne, njoo Ijumaa mama. Ijumaa ndiyo hii, na mambo yameshaiva bila yeye.

"Mama Digna," alisema Lukelo, "mimi nafuata taratibu tu. Tangazo lilibandikwa siku thelathini kwenye nyumba ya ukoo. Hakuna aliyepinga."

"Lilibandikwa lini?"

"Mwezi wa nne, tarehe mosi."

Digna alitaka kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi.

"Mwezi wa nne! Baba, mwezi wa nne Ifakara hii mlango wa nani una mtu? Sote tumehamia mashambani tunaamia ndege. Ile nyumba yetu ya kuishi tumeifunga tangu mwezi wa kumi na mbili. Mmebandika tangazo lisomwe na mijusi?"

"Sheria haina msimu, mama."

"Tumbo lina msimu!"

"Ndiyo. Lakini," Lukelo akafungua jalada, "hata bila tangazo kuna hii. Ridhaa ya mkubwa wa ukoo."

Akaigeuza karatasi. Chini yake palikuwa na dole la wino wa zambarau, na kando yake jina limeandikwa kwa herufi kubwa: WILHELMINA ALFONSI.

Digna alikaa. Kile kiti alichokikataa ndicho kilichompokea.

Shangazi! Shangazi Wilhelmina mwenye miaka themanini na ushee! Yule aliyewahi kumfukuza diwani kwa mwiko kwa sababu alitaka kuhifadhia saruji kwenye chumba cha wazazi! Shangazi ametia dole nyumba ivunjwe?

"Uongo," alisema. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kama ni uongo," akasema Lukelo taratibu, "aje akane mwenyewe, mbele yangu, niandike kwenye kitabu. Ila iwe leo. Tunafunga saa tisa na nusu, na Jumatatu kibali kinaanza kazi."

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika kumi. Shangazi alikuwa shambani Michenga, juu ya dungu la kufukuzia ndege, katikati ya mpunga.

"Safari njema, dada," Clinton akasema, akinyoosha miguu yake yenye viatu vyeupe. "Msalimie shangazi."

Bodaboda iliyomchukua iliendeshwa na mtu mzima mwenye mvi, na ilikuwa afadhali, kwa sababu kijana angewatupa mferejini. Tope liliwarukia mpaka masikioni. Mwisho wa barabara Digna akashuka, akavua ndala, akaingia majini kwa miguu huku mtu wa bodaboda akipiga kelele, "Nakusubiri mama, lakini nisizeeke zaidi ya hapa!"

Akalisikia dungu kabla hajaliona. Makopo yalikuwa yanagongana kwenye kamba, na juu yake sauti kali kama filimbi:

"Heeee! Tokeni, wezi ninyi! Hooo!"

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba mwanangu. Mbona mchana huu? Nani kafa? Heeee!"

"Hajafa mtu. Shangazi, umetia dole kwenye karatasi?"

"Ipi?"

"Ya kukubali nyumba ya mzee ivunjwe."

Kamba ikaachiwa. Makopo yakanyamaza. Kundi zima la kwelea likashuka kwenye mpunga wa shangazi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakulifukuza.

"Rudia," akasema.

Digna akarudia. Akaeleza karatasi, wino wa zambarau, jina kwa herufi kubwa, na tarehe, mwezi wa pili. Shangazi Wilhelmina akakunja mkono wake wa kulia, akakitazama kidole gumba kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeiba.

"Mwezi wa pili," alisema, "hiki kidole kimefanya kazi moja tu. Mbolea."

"Mbolea gani?"

"Ya ruzuku. Si tuliandikishwa? Karatasi zilikuja hapahapa shambani, rundo, zimekunjwa katikati, unaona pa kubandika dole tu. Mvua ilikuwa inakuja. Kila mtu alipewa moja. Mimi nilipewa mbili. Nikauliza mbili za nini, nikaambiwa bibi wewe una majaruba mawili. Nikaona ni haki."

"Nani aliyeleta?"

"Heeee!" Shangazi akavuta kamba ghafla. "Tokeni, washenzi!"

"Shangazi. Nani aliyeleta?"

"Twende mjini nikakane dole langu. Hayo mengine yaache yalale."

"Hayawezi kulala. Lukelo ataandika kila kitu. Atauliza."

Bibi yule akashuka ngazi ya dungu moja baada ya moja, akiguna, akikataa kushikwa. Alipofika chini, maji yakamfika magotini. Akafunga kanga upya, polepole mno. Digna alisikia meno yake mwenyewe yanasagana. Jua lilikuwa linakwenda, saa zilikuwa zinakwenda, na mama mzima anafunga kanga!

"Ni Beno," akasema shangazi.

"Beno yupi?"

"Unao wangapi ndani?"

Wasomaji wangu, mnamjua Beno. Ndiye mume wa Digna kwa miaka ishirini na sita, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mtu asiyekanyaga hata kifaranga. Asubuhi ileile alikunywa uji, akafuta mdomo, akamwambia mkewe, "Nenda mama, Mungu yupo." Sasa Mungu yupo, na Beno naye yupo, tena katikati ya karatasi!

Wakakata maji mpaka barabarani. Hapo shangazi akamwita mwanamke aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni.

"Eveline! Mwambie Beno kwamba tuko kwa mtendaji. Akija asinawe miguu."

Wakapanda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, shangazi katikati kashikilia mgongo wa dereva kama anambeba yeye. Digna alikuwa nyuma na moyo wake unampiga kuliko injini.

"Nikisema," alimwambia shangazi sikioni, "wanamfunga."

"Kughushi dole ni jela," mtu wa bodaboda akadakia kutoka mbele. "Shemeji yangu alikwenda kwa dole la jirani."

"Wewe tazama shimo!" shangazi akamkaripia. Kisha, bila kugeuka: "Usiponisikia leo, Digna, hutanisikia tena. Mimi nilizaliwa kwenye kile chumba cha kushoto. Mama yangu alisubiri pale siku kumi na tisa. Lakini mimi ni mzee na mume si wangu. Siwezi kukufungia mumeo. Dole nitalikana. Jina utalitaja wewe, au utaliacha."

Saa tisa na dakika tano. Ofisi ileile, wanaume walewale. Clinton alikuwa anakunywa soda kwa mrija.

"Shikamoo bibi," akasema Lukelo, akisimama.

"Shikamoo yako iweke hapo mezani, nitaichukua nikimaliza. Lete kitabu."

"Shikamoo shangazi," Clinton naye akaanza.

"Wewe nyamaza. Babu yako alilala chini mwaka mzima ili wanawake wa watu walale kwenye mikeka. Wewe unakuja na viatu vya harusi kuwafukuza."

"Shangazi, mimi napeleka ukoo mbele..."

"Mbele ya nini? Ya katapila?"

Mtu wa bodaboda, aliyekuwa amesimama mlangoni hajaitwa na mtu, akacheka mpaka akajikwaa.

Lukelo akafungua kitabu. Akaandika tarehe. Aliandika vizuri sana, polepole sana, kila herufi akiipa haki yake. Saa tisa na dakika kumi na mbili. Akaandika jina la shangazi, na kijiji, na umri. Akauliza kabila. Akauliza dini. Digna akainamia meza.

"Andika kwamba anakana!" akasema.

"Taratibu, mama."

Saa tisa na robo. Saa tisa na dakika kumi na nane. Hatimaye:

"Bibi, unasema dole hili ni lako?"

"Dole ni langu. Ridhaa si yangu. Nilibandika mbolea."

"Basi ulidanganywa. Na mtu aliyekudanganya ni mhalifu." Lukelo akainua kalamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza siku hiyo kumtazama Digna usoni. "Bila jina lake, maelezo haya hayana nguvu, nitayafuta. Nani aliyekuletea karatasi?"

Shangazi akamgeukia Digna.

Mrija wa Clinton ukafyonza hewa ndani ya chupa.

Digna alimfikiria Beno akinyeshewa, Beno akimwezekea paa, Beno akimsomea barua za watoto. Akafikiria pia vitanda vilivyojipanga ndani ya lile ghala la matofali, na wanawake saba, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba uhai wake ulikuwa mdomoni mwa mtu mwingine muda ule. Alimkasirikia Beno. Aliikasirikia saa. Zaidi alikasirika kwamba watu wengine wanavunja, na yeye ndiye wa kuchagua atakayelipia.

"Andika," alisema. "Beno. Mume wangu."

Kalamu ya Lukelo haikugusa karatasi.

"Una uhakika, mama? Nikiandika hili, nampigia polisi simu sasa hivi."

"Andika!"

"Mwandike," sauti ikasema mlangoni. "Amesema kweli."

Alikuwa Beno. Baiskeli ameiangusha nje, tope limempanda mpaka mapajani, anahema kama mvukuto. Hakunawa miguu. Aliacha nyayo nne nyeusi kwenye sakafu ya ofisi mpaka mbele ya meza.

"Mume wangu," Digna akaanza, na machozi yakamwahi.

"Wewe huna kosa. Mimi nilizipeleka zile karatasi, arobaini na moja. Nilizipeleka kwa sababu niliaminiwa, na sikusoma kwa sababu niliamini. Zilikuwa zimekunjwa hivyohivyo nilivyokabidhiwa. Na ile ya pili ya bibi niliambiwa mpelekee mwenyewe, usimpe mtu mwingine." Akaweka kiganja chake chenye tope juu ya kitabu safi. "Sasa, mheshimiwa Lukelo, mwambie mke wangu nilikabidhiwa na nani. Mwambie ni kwenye meza ipi."

Mtu wa bodaboda alivua kofia.

Ile adabu yote ikamtoka Lukelo usoni kama maji yanavyotoka jaruba lililobomoka. Akautazama mlango. Akaitazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tatu, na bado akafunga kitabu.

"Muda wa kazi umekwisha," akasema. "Tokeni nifunge ofisi. Jumatatu."

"Bado dakika saba!" Digna akapiga kelele.

"Saa hii inachelewa. Tokeni."

Shangazi Wilhelmina akavuta kiti. Akakaa. Akavua ndala zake, akazipanga pamoja chini ya meza ya serikali, akakunja mikono.

"Funga," alisema. "Na mimi nimo."

"Bibi, sitanii."

"Hata mimi. Nimekaa miezi mitano juu ya miti minne nikifukuza ndege wasio na akili. Wewe mmoja mwenye akili utanishinda? Funga, mwanangu. Jumatatu utanikuta hapa, na watakaonitafuta watakukuta wewe na ufunguo."

Lukelo alisimama na ufunguo mkononi, hajui auingize wapi. Mtu wa bodaboda naye akakaa chini kizingitini, eti miguu imechoka. Digna, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akajisikia anataka kucheka. Akageuka amwone Clinton atasema nini.

Kiti cha Clinton kilikuwa kitupu. Chupa ya soda ilikuwa bado inatikisika.

Nje, kutoka upande wa stesheni, kukaja mngurumo mzito. Vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka. Kitu kikubwa cha manjano kikapita barabarani, kikaelekea mtoni, kuelekea kwenye nyumba ya matofali.

"Si walisema Jumatatu?" Beno akauliza.

Wote walikuwa wameshakimbilia mlangoni, isipokuwa shangazi, aliyebaki amekalia kiti chake. Beno alikuwa anainua baiskeli, Digna anakimbilia pikipiki, mtu wa bodaboda anapiga pikipiki teke na pikipiki imegoma, ikagoma tena. Zikapita dakika ambazo Digna hatazisahau. Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa Brigitha, mpishi wa nyumba ya akina mama, na nyuma yake wanawake walikuwa wanaimba na wengine wanalia.

"Dada Digna! Katapila liko mlangoni! Akina mama wamekataa kutoka, wamesimama wote saba na matumbo yao mbele ya mlango. Dereva kazima mashine. Kashuka. Kasema yeye kazaliwa humu, havunji hata kwa bastola."

"Mungu ambariki! Mwambie akae hapohapo, tunakuja!"

"Dada, hujanielewa. Kashuka, lakini ufunguo kauacha. Kaka Clinton, aliyekuja nalo, kapanda yeye. Kaliwasha!" Mngurumo ukafunika sauti yake, kisha ikarudi imekuwa ya kilio. "Na hajui kuliendesha, dada! Hajui kulisimamisha!"